JE, MTU ANAWEZA KUIZOEA ZEBAKI?
Walinzi wa seli za ubongo, kazi yao na kikomo chao



Ndugu wasomaji wa jarida letu, wanafunzi na wazazi. Mwaka huu, katika kipindi chetu cha afya cha siku ya Jumamosi, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Ustadhi, baba yangu anachoma dhahabu pale nyumbani tangu mimi sijazaliwa. Mama akimwambia mvuke wa zebaki ni mbaya, baba anasema mwili wake umeshaizoea. Ni kweli mwili unaizoea?"

Baadhi ya wenzake walicheka, lakini swali lile halikuwa la kuchekesha. Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikamwahidi kwamba nitaandika jibu kamili katika jarida, kwa sababu najua si baba yake peke yake anayesema hivyo. Sentensi hiyo husikika kwenye miji yote ya machimbo kuanzia Kahama hadi Geita.

Nimechagua kuandika pia kwa sababu mzee huyo hakukosea kabisa. Allah Subhaanahu wa Ta'ala ameijaalia kila seli ya mwili kuwa na walinzi wake, na walinzi hao huamka pale seli inapopatwa na shida. Kwa hiyo neno "kuzoea" lina ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba ukweli huo ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayotetemesha mikono ya watu. Tuziangalie nusu zote mbili.

ZEBAKI INAINGIAJE MWILINI?

Wengi wetu tunaijua kazi hii hata kama hatuifanyi. Jiwe hutolewa kwenye duara, huvunjwa, husagwa kwenye karasha, kisha unga wake huoshwa kwenye mwalo uliotandikwa magunia. Mchanga mzito unaobaki huwekwa kwenye beseni na kutiwa maji na zebaki, halafu huchanganywa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huikamata dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, na linalobaki ni donge lenye rangi ya fedha. Karibu nusu ya donge hilo ni zebaki. Likiwekwa juu ya jiko la mkaa, zebaki huondoka na dhahabu hubaki.

Swali la kujiuliza ni hili: zebaki ikiondoka, inakwenda wapi? Inakwenda hewani. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imetulia ndani ya kikombe juu ya meza. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Moshi unaouona ukipanda kutoka jikoni unatokana na mkaa na uchafu. Mvuke wenyewe huuoni. Mtu akiuvuta, karibu asilimia 80 ya zebaki iliyomo hupenya mapafu na kuingia kwenye damu.

Wataalamu wetu wa zamani waliliona suala la njia ya sumu mapema. Tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya al-Razi, aliyeishi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na kufanya kazi Rayy na Baghdad, alimpa nyani zebaki ya maji ili aone itamfanya nini. Aliandika kwamba hakuona dhara kubwa zaidi ya maumivu ya tumbo, lakini akaonya kwamba zebaki iliyopikwa ikageuka kuwa unga ni sumu ya kuua. Leo tunajua alikuwa na hoja: zebaki ya maji ikifika tumboni, kiasi kidogo mno hupenya utumbo. Hii haina maana kwamba inafaa kumezwa. Maana yake ni kwamba ubaya wa zebaki hutegemea imekuwa katika hali gani na imepita njia gani, na mvuke unaopita mapafuni ni katika njia zake mbaya kabisa.

Hapo hapo linapatikana jibu kwa wanaosema kwamba ukinywa maziwa baada ya kuchoma dhahabu umejisafisha. Maziwa huenda tumboni. Mvuke ulikwisha kwenda mapafuni, na kutoka hapo kwenye damu. Viwili hivyo havikukutana njiani.

NDANI YA SELI KUNA NINI?

Ubongo wa mwanadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86, pamoja na seli nyingine nyingi za kuzisaidia. Kila seli hufanya kazi kwa kutumia protini. Protini hujenga kuta, hubeba mizigo, hufungua na kufunga milango, na huendesha shughuli za kemia zinazotupa uhai.

Ili kuielewa protini, chukua tasbihi. Ni shanga zilizopangwa kwenye uzi mmoja. Protini nayo ni mlolongo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, vilivyofuatana kwa mpangilio maalumu. Lakini mlolongo ulionyooka haufanyi kazi. Ni lazima ukunjwe uwe na umbo lake halisi, kama ufunguo ulivyo na meno yake. Mkunjo ukiharibika, protini inakuwa kama ufunguo uliopinda: chuma ni kile kile, lakini mlango haufunguki.

Miongoni mwa shanga hizo kuna moja iitwayo sisteini, ambayo ina salfa. Nayo zebaki huipenda salfa kupita kiasi. Popote inapoikuta huing'ang'ania. Ikiishika sisteini ya protini fulani, protini hiyo hupinda au huziba. Mihimili midogo ambayo seli ya neva huitumia kubebea mizigo kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa mfano, huvunjika ikikutana na zebaki.

Mvuke wa zebaki hupita kwa urahisi kwenye kizuizi kinachoulinda ubongo dhidi ya vitu vingi vilivyomo katika damu. Ukishaingia ndani ya seli, kimeng'enya kiitwacho katalesi huibadilisha zebaki ikawa katika hali yenye chaji ya umeme, na katika hali hiyo haiwezi tena kupita kwenye kizuizi kwa wepesi ule iliojia nao. Mlango iliouingilia umeshafungwa nyuma yake.

WALINZI WA SELI

Sasa tufike kwenye ule ukweli alioukaribia mzee wetu. Seli haikai kimya inaposhambuliwa. Ina walinzi wa aina kadhaa, na hapa nitataja watatu.

Mlinzi wa kwanza: protini za mshtuko wa joto. Mwaka 1962 mtaalamu wa Italia, Ferruccio Ritossa, alichapisha jambo aliloliona mjini Naples alipokuwa akichunguza inzi wadogo wa matunda. Joto la sanduku walimotunzwa lilikuwa limepandishwa. Alipozitazama kromosomu zao kwa hadubini, aliona sehemu ambazo kwa kawaida zimetulia sasa zimevimba, ishara kwamba jeni za hapo zimeamshwa. Mwaka 1974 wataalamu wengine walionyesha kwamba jeni hizo zilikuwa zikitengeneza protini maalumu. Zikaitwa protini za mshtuko wa joto, na jina hilo limebaki ingawa baadaye iligundulika kwamba haziamshwi na joto peke yake. Ukosefu wa oksijeni huziamsha, arseniki huziamsha, na zebaki nayo huziamsha.

Maarufu kati yao ni ile iitwayo HSP70. Kazi yake inafanana na ya mtu mzima anayewakuta watoto wamezisokota tasbihi zao pamoja. Hushika protini iliyopinda, huizuia isinatane na nyingine, na huipa nafasi ya kujikunja upya. Ikishindikana, husaidia kuipeleka sehemu ya seli ambako protini mbovu hukatwakatwa na vipande vyake kutumika tena.

Mlinzi wa pili: kengele ya hatari. Kuna protini iitwayo Nrf2 ambayo, seli ikiwa na amani, hushikiliwa na protini nyingine iitwayo Keap1 na huharibiwa muda mfupi tu baada ya kutengenezwa. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walieleza namna Keap1 inavyofanya kazi hiyo. Keap1 ina sisteini nyingi, tena zile ambazo ni nyepesi kushikwa. Zebaki inapoingia huzishika, na hapo Keap1 hushindwa kuendelea kuizuia Nrf2. Nrf2 hukimbilia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni nyingi za kinga kwa pamoja, zikiwemo zile za kutengeneza glutathioni. Hiyo ni molekuli ndogo yenye salfa inayojitokeza mbele ikashikwa yenyewe, ili protini muhimu zinusurike. Tazameni hekima ya mpango huu: ile ile tabia ya zebaki ya kung'ang'ania salfa ndiyo inayopiga kengele dhidi yake.

Mlinzi wa tatu: metalothioneini. Protini hii iligunduliwa mwaka 1957 katika figo ya farasi. Ni ndogo, lakini karibu theluthi moja ya shanga zake ni sisteini. Kwa hiyo ni kama mtego wa metali. Zebaki inayoikuta hunasa humo na kuacha kuzurura. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo panya wadogo wasio na aina kuu za protini hii walivutishwa mvuke wa zebaki pamoja na panya wa kawaida. Panya wasio na mlinzi huyo walibadilika tabia zaidi kuliko wenzao. Kwa hiyo ulinzi huu upo kweli, na ukiondolewa madhara huongezeka.

KWA NINI UBONGO UKO HATARINI ZAIDI?

Kama walinzi hawa wapo katika kila seli, kwa nini zebaki huuharibu ubongo hasa? Sababu ziko kadhaa.

Kwanza, ubongo ni karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yake. Penye kazi nyingi ya kuchoma sukari kwa oksijeni, huzaliwa pia mabaki makali yanayounguza seli kutoka ndani. Kwa hiyo walinzi wa seli za neva wana shughuli hata kabla ya zebaki kufika.

Pili, seli za neva zenyewe si hodari wa kujihami. Zina glutathioni chache, na baadhi yao, kama zile zinazoamrisha misuli, ni nzito kuamsha protini za mshtuko wa joto. Hutegemea sana majirani zao, seli za usaidizi ziitwazo astrosaiti, ambazo huzipa malighafi ya kutengenezea glutathioni na kuhifadhi metalothioneini kwa wingi. Jirani akizidiwa, seli ya neva hubaki peke yake.

Tatu, ngozi ikichubuka huota nyingine na damu ikipungua hutengenezwa nyingine, lakini sehemu kubwa ya seli za neva tulizonazo ndizo tutakazozeeka nazo. Iliyokufa kwa kawaida haipati mrithi. Aidha, kadiri umri unavyokwenda, uwezo wa seli kuwaamsha walinzi wake hupungua.

BASI KUZOEA NI NINI?

Sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Kuzoea kupo. Seli zikipashwa joto kiasi, zikapumzishwa kwa saa kadhaa, huweza kuvumilia joto kali ambalo lingeziua. Protini za mshtuko zimeshatengenezwa na ziko tayari. Ni kama viganja vya mkulima vinavyoota sugu baada ya kushika jembe msimu mzima. Lakini zebaki haiko hivyo, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza: joto huondoka, zebaki hubaki. Sumu nyingi za mimea na za vijidudu mwili unaweza kuzivunja vipande na kuzimaliza. Zebaki ni elementi. Haivunjiki na haiozi. Mwili unaweza tu kuifunga au kuitoa, hasa kwa mkojo na choo, na huchukua karibu miezi miwili kupunguza nusu ya kiasi kilichomo mwilini. Ile iliyojificha ubongoni hukaa zaidi. Anayechoma dhahabu kila wiki anaongeza nyingine kabla ya kwanza kutoka.

Sababu ya pili: walinzi hutumika. Metalothioneini iliyokwisha kunasa zebaki mpaka ikajaa haiwezi kunasa nyingine. Glutathioni iliyoshikwa imeshikwa. Tena zebaki huvishambulia vimeng'enya vyenye seleniamu, ambavyo ndivyo vinavyosaidia kuurejesha ulinzi huo. Ni sawa na mwizi anayeanza kwa kumfunga kamba mlinzi wa zamu.

Sababu ya tatu, na ndiyo inayowadanganya wengi: kutohisi si kutodhurika. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Hakuna kinachouma seli moja ikifa, wala elfu moja. Mvuke hauna harufu ambayo mtu angesema ameizoea. Dalili huja taratibu: usingizi unapotea, mtu anakuwa mkali au mwenye haya isiyo kawaida yake, anasahau, anasikia ladha ya chuma mdomoni, mwandiko unaharibika, mikono inatetemeka anapoinua kikombe cha kahawa, mwendo unayumba. Watu husema ni uzee, au ni pombe, au amerogwa. Anayesema "nimeizoea" mara nyingi anaeleza kipindi ambacho walinzi wake bado wanapambana. Haelezi ushindi.

YALIYOONEKANA RWAMAGASA

Haya si mambo ya maabara za ng'ambo peke yake. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, UNIDO, uliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita: Tanzania, Sudan, Zimbabwe, Brazili, Indonesia na Laos. Kwa Tanzania eneo lililochaguliwa lilikuwa Rwamagasa, Geita. Mwaka 2003 madaktari waliwapima watu wa Rwamagasa mkojo, damu na nywele, wakapima pia mtetemeko wa mikono, mwendo na kumbukumbu, kisha wakawalinganisha na watu wa Katoro ambao hawakuwa kwenye kazi hiyo. Waliokuwa wakichoma dhahabu walikutwa na zebaki nyingi zaidi, na miongoni mwao walikuwemo wenye dalili za sumu hiyo kama kutetemeka na kuyumba.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu nchini, yakiwemo ya Geita na Kahama. Lilikuta watoto wa kuanzia miaka minane wakifanya kazi, na wengine wakishika zebaki. Wanafunzi, mnawajua watoto hao. Baadhi yao mlikaa nao dawati moja.

WATOTO NA MAMA WAJAWAZITO

Dunia ilijifunza jambo hili kwa uchungu katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, samaki wakaikusanya miilini mwao katika hali iitwayo methili-zebaki, na watu wakawala samaki hao. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kilichowashangaza madaktari ni kwamba akina mama ambao wenyewe walionekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, walizaa watoto walioharibika ubongo vibaya.

Zebaki yetu ya machimboni hutufikia zaidi kwa mvuke, na vipimo vilivyofanywa kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa jumla vilionyesha viwango vya chini. Kwa hiyo tusiache kula sato na sangara wetu kwa hofu. Lakini somo la Minamata linabaki. Mvuke wa zebaki nao huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Ubongo wa mtoto bado unajengwa, na kwa kila kilo ya uzito wake mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Baba anaweza kusema amezoea. Mtoto aliyelala chumba cha pili hakupata muda wa kuzoea chochote.

TUFANYE NINI?

Walinzi wa seli waliumbwa kuzima cheche. Nyumba ikichomwa kila siku, kosa si lao. Kazi ya kuzuia moto ni yetu, na inawezekana hata kwa familia isiyo na njia nyingine ya riziki.

1. Dhahabu isichomwe ndani ya nyumba, jikoni wala uani. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha kuchoma donge la dhahabu mahali pa wazi na kuchoma katika makazi ya watu.

2. Itumike retorti. Hiki ni chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea mvuke ili zebaki irudi kuwa maji na kutumika tena. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kuitengeneza kwa mabomba ya kawaida. Mchimbaji anaokoa afya na pesa ya zebaki. Isifunguliwe ikiwa bado ya moto, na iwashiwe mbali na nyumba.

3. Kitambaa puani na barakoa ya vumbi havizuii mvuke wa zebaki. Vinazuia vumbi tu.

4. Zebaki itunzwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, ikiwa na maji juu yake, mbali na watoto. Isiwekwe kwenye vyombo vya chakula. Sufuria au karai lililotumika kwa zebaki lisirudi jikoni hata likioshwa mara saba.

5. Ikimwagika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, na vitone vikusanywe kwa karatasi ngumu vitiwe kwenye chupa. Isifagiliwe, maana ufagio huisambaza ikawa vitone vidogo vinavyotoa mvuke zaidi.

6. Nguo za kazini zivuliwe kabla ya kuingia ndani, na zisifuliwe pamoja na nguo za watoto.

7. Mama mjamzito au anayenyonyesha, na kila aliye chini ya miaka 18, asishike zebaki wala asikae karibu na inapochomwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini.

8. Mwenye dalili tulizozitaja aende hospitali na amweleze daktari wazi kwamba anafanya kazi ya zebaki. Kipimo cha mkojo huonyesha. Zipo dawa zenye salfa zinazosaidia kuitoa zebaki mwilini, lakini hutolewa na daktari, na hazifufui seli zilizokwisha kufa. Hatua ya kwanza daima ni kuondoka kwenye mvuke.

Ndugu wasomaji, tunafundishana hapa madrasani kwamba mwili ni amana, na kwamba jirani ana haki. Mvuke wa zebaki haujui mpaka wa ua. Anayechoma uani kwake anamchomea na jirani, na mtoto wa jirani, na anayepita njiani kwenda msikitini alfajiri. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, lakini hatukuruhusiwa kuitafuta kwa kuwadhuru wengine au kujidhuru wenyewe.

Mwanafunzi aliyeuliza lile swali alinakili majibu kwenye daftari lake akaenda nayo nyumbani. Baada ya majuma machache alinijia baada ya swala ya Alasiri, akaniambia baba yake amelihamisha jiko la kuchomea mbali na nyumba, ng'ambo ya mashamba. Retorti bado hajanunua. Anasema akipata mzigo mzuri ataagiza. Tunamwombea apate, na tunamwombea asichelewe.

Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kunywa maziwa hakuwezi kuuzuia mvuke wa zebaki usifike kwenye damu?
2. Taja walinzi watatu wa seli na kazi ya kila mmoja.
3. Kwa nini jina "protini za mshtuko wa joto" halielezi kazi yote ya protini hizo?
4. Toa sababu tatu zinazoonyesha kwamba kuizoea zebaki si sawa na kuwa salama.
5. Zungumza na wazazi wako: je, nyumbani kwenu au jirani kuna mahali panapochomwa dhahabu? Ni jambo gani moja kati ya yale manane mnaweza kulianza wiki hii?